Ubao wa Jina Moja

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki kina watu watatu, na wote walikuwa wema.

Palikuwa na kaya kumi na nne kando ya reli huko Ugogo, masalia ya kambi ya wajenzi wa njia. Hapakuwa kijiji wala kitongoji. Hakuna daftari lililopataja. Wenyewe walipaita Kambini, basi. Treni ilipita bila hata kupunguza mwendo, na mgonjwa alibebwa kwa machela kutwa nzima kufikishwa hospitali.

Hapo aliishi Nyemo, mjane mwenye mkono wa akiba: hata mwaka wa njaa, kihenge chake hakikukosa nafaka. Shemeji yake Chibago, fundi wa reli mstaafu, akilaza sikio juu ya chuma alijua kilichotokea mbele. Na Masinjisa, mpwa wa Nyemo, mchunga mbuzi, alikuwa na miguu isiyojua kuchoka.

Mwaka mmoja mvua za kwanza zilishuka kwa hasira. Asubuhi Chibago alilaza sikio relini, akainuka uso umembadilika.

"Shemeji, daraja limekwenda na maji!"

Akavua shati lake jekundu, akakimbia kuilaki treni ya abiria, yeye mwenye goti bovu. Treni ikasimama mbele ya nyumba zao, watu mia nne wakiwa hai. Goti lile halikukunjika tena.

Nyuma nako maji yalikuwa yamekata njia, na simu hazikushika. Dereva aliandika barua, Masinjisa akaifunga kichwani kwa mfuko wa nailoni.

"Mbuzi wako je?" Nyemo alimuuliza.

"Mungu atawaona, shangazi."

Akaogelea mto uliofurika, akatembea siku mbili hadi stesheni. Siku ya nne mafundi walifika. Nusu ya mbuzi wake hawakuonekana tena.

Katika siku hizo, watoto ndani ya mabehewa walilia njaa. Kihengeni mwa Nyemo ilibaki mbegu tu. Alitia mkono ndani, akaushika mtama, akauachia. Nikiwapa, nitapanda nini? Kisha akamsikia mtoto akimwomba mama yake uji.

"Leteni masufuria," akawaambia majirani.

Alipika mpaka akafagia sakafu ya kihenge. Mwaka ule shamba lake lilibaki majani matupu, akala kwa majirani.

Abiria hawakusahau. Waliandika barua juu ya barua, hata wakubwa wa reli wakakubali: treni itasimama Kambini. Siku ya kwanza alishuka mchoraji na ubao mweupe.

"Wazee wangu, abiria wanataka kituo kipewe jina la aliyewaokoa. Ubao ni mdogo, jina ni moja tu."

"Andika Nyemo," alisema Chibago. "Mimi nilipunga shati, yeye alitoa mwaka mzima."

"Andika Masinjisa," alisema Nyemo. "Mtama ule ulikuwa wa siku chache. Asingefika, tungewazika hapa."

"Mzee Chibago," alisema Masinjisa. "Bila yeye ningepeleka habari za maiti."

Hapo mama mjamzito wa nyumba ya tatu akapandishwa behewani kwenda hospitali, ameketi, bila machela. Nyemo alimtazama, machozi yakamtoka. "Ahsante Mungu," alinong'ona, "jina lolote ni zuri."

Lakini mchoraji ameshachovya brashi, na treni inapiga honi. Je, wewe ungemwambia aandike nani?