Mawigi ya Fundi Kitwana

Nywele hazisahau kichwa. Ndivyo mlivyomwambia mwenzenu Zamda sasa hivi, wigi lake liliponasa kwenye kamba ya nguo likabaki linaning'inia. Mmecheka mpaka mkashikana mabega. Yeye kaingia ndani kulia, nanyi mnaniuliza, "Kwani Bibi, msemo huu ulitoka wapi?" Haya, wekeni chini karanga hizo mkae. Nitawaambia, na nawaambia nikiwa na hasira, maana methali hii haikuzaliwa ili kumcheka mwanamke aliyevaa wigi. Nilikuwapo ilipozaliwa, na chanzo chake ni hiki.

Miaka ile bendera yetu ilikuwa bado mpya, na mji wetu huu wa malori ya kwenda Kondoa na Singida ulikuwa na kikundi cha maigizo. Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Kidunda, mtu mpole aliyependa sana michezo ya wafalme wa kale. Mimi nilikuwa msichana tu, naitwa Mwamvita, lakini sauti yangu ilifika nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti. Kwa hiyo kila palipohitajika malkia, malkia nilikuwa mimi. Aliyetuvika sote maleba, kuanzia majoho mpaka ndevu za bandia, alikuwa Fundi Kitwana Shomvi.

Fundi huyo alikuwa na mikono ya ajabu, sitamnyima haki yake. Alichambua katani akaigeuza mvi za mzee wa miaka themanini. Alichukua manyoya ya mbuzi akakutengenezea ndevu ambazo ungezivuta zisitoke. Kwa gunia na rangi alikushonea joho ukajiona umezaliwa ikulu. Lakini hayo maleba hayakukaa kabatini yakingoja mchezo. Aliyavaa mwenyewe mjini. Leo utamwona sokoni na koti la nahodha, polisi anampigia saluti naye anaitikia kwa kidole. Kesho amevaa kanzu na kilemba, kaingia kwenye msiba wa watu asiowajua, anajiita shehe kutoka Lamu, anaongoza dua na kula pilau ya kwanza. Kule Tabora alikuwa na mke aliyemjua kwa jina la Kitwana. Dodoma alikuwa na mwingine aliyemwita Bwana Felix, na huyo alikuja hapa siku moja amebeba mtoto mgongoni, akimtafuta Felix nyumba kwa nyumba. Fundi alimpokea yeye mwenyewe, amevaa ndevu nyeupe za mchezo wetu, akamwambia kwa sauti ya kizee kwamba Felix amehamia Kigoma. Yule mama akamshukuru akapanda lori.

Mji mzima ulisimuliana kisa hicho ukicheka. "Huyu Fundi, jamani!" walisema. Hakuna aliyeuliza yule mama alifikaje Kigoma, wala alilala wapi na mtoto wake. Hilo linaniuma mpaka leo. Mwizi halelewi na mama yake peke yake. Hulelewa pia na watu wanaomchekea.

Basi ukaingia mtindo wa mawigi. Wake wa wakubwa, wake wa wenye maduka, wote walitaka nywele ndefu za kumwagika mabegani. Fundi akawashonea. Wakimuuliza nywele zinatoka wapi, anajibu, "Bombay, mama. Zimevuka bahari." Na sisi tukaamini.

Sasa nitawapeleka kijijini, huko vilimani, ambako malori hayafiki. Huko aliishi msichana mmoja, Sikudhani, pamoja na mama yake mjane aliyeitwa Bi Hadia. Wanawake wengi wa kijiji kile walijaliwa nywele. Walizipaka samli, wakazisuka mikia mirefu, na mwanamke hakunyoa ila siku ya kufiwa na mume. Sikudhani alizaliwa na kishungi cheupe pe juu ya paji la uso, kama mtu aliyedondokewa na tone la maziwa. Bibi yake alikuwa nacho pia. Mama yake alikisuka mbele ya nywele nyingine zote ili kionekane. Na msichana huyo alikuwa amechumbiwa. Harusi ilikuwa inangoja mavuno tu.

Asubuhi moja akaja mtu amevaa kaptura ya kaki, kofia ngumu, na bomba la dawa mgongoni. Akajitambulisha kuwa ni Bwana Afya, ametumwa na serikali. Akasema wameingia chawa wapya wanaoleta homa ya ubongo, na mwanamke atakayekataa kunyolewa mumewe atashtakiwa. Watu wakaogopa. Akawapanga wanawake mbele ya nyumba ya jumbe, akatoa mkasi, akawakata wengi siku ile. Wengine walilia. Nywele alizitia kwenye gunia, akasema zinakwenda kuchomwa moto.

Bi Hadia alisimama mstarini akingoja zamu yake, na nywele zake ni hizi fupi za kawaida. Yule Bwana Afya alimtazama kichwa akampita. Akampita na jirani yake mwenye kipilipili. Bi Hadia akasema kwa sauti, "Chawa gani hawa wanaochagua vichwa?" Jumbe akamkaripia anyamaze, asimwaibishe mgeni wa serikali.

Wiki ile ile shangazi za bwana harusi walikuja kumtazama mkwe wao. Wakamkuta na kipara. Hawakuketi hata kunywa maji. "Mwanamke aliyenyolewa kabla ya kuolewa," wakasema, "anamwita kijana wetu kaburini." Uchumba ukavunjika hapo hapo mlangoni. Sikudhani akajifungia ndani, akawa hatoki hata kisimani.

Bi Hadia hakuwa mtu wa kulia pembeni. Nywele za binti yake zilipoanza kuchomoza, alimfunga kanga kichwani, wakashuka kwa miguu mpaka mjini kumuuliza mkuu wa wilaya ni amri gani hiyo ya kuvunja harusi za watu. Wakakuta ofisi imefungwa. Ilikuwa sikukuu. Mlinzi akawaambia, "Mkuu yuko ukumbini anatazama mchezo. Kamngojeeni huko." Wakaja, wakasimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mchezo wenyewe ulikuwa wetu, na malkia nilikuwa mimi. Adhuhuri ile Fundi alinivika wigi jipya, refu, laini, jeusi kama lami. "Hili sijapata kushona mfano wake," akaniambia. "Usilishike-shike tu." Nilifurahi, wanangu. Msichana gani asingefurahi?

Jua lilikuwa kali na ukumbi ule ulikuwa wa mabati. Ndani mlichemka kama chungu. Nilipofika mahali ambapo malkia anawalaani wasaliti wake, jasho lilinitiririka. Nikahisi kitu kinashuka puani. Nikapangusa, mkono ukatoka mweusi. Fundi alikuwa amepaka piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye lile wigi, na piko lilikuwa linayeyuka, linachuruzika usoni pangu mpaka kwenye gauni jeupe. Watu wakaanza kucheka. Safu ya mbele wale mabibi wakubwa walifunika midomo kwa leso. Mimi nikaendelea kusema maneno yangu, maana Mwalimu Kidunda alitufundisha kutokimbia jukwaa.

Ndipo tukasikia sauti nyuma. Haikuwa kicheko. Msichana alikuwa anapita katikati ya viti akija mbele, ananitazama kichwani, na mama yake anamfuata.

"Dada," akaniambia alipofika chini ya jukwaa, "hizo nywele umezipata wapi?"

"Ni za mchezo," nikamjibu. "Fundi ndiye kanivika."

"Ni zangu."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mtu akapiga kelele, "Mtoeni huyo mshamba!" Sikudhani hakugeuka. Alifungua kanga yake, akainamisha kichwa watu wote waone. Nywele zilikuwa zimeota fupi, kama majani baada ya mvua ya kwanza, na juu ya paji la uso palikuwa na kishungi cheupe. Nikavua wigi. Piko lilikuwa limetoka lote mbele, na pale pale, juu ya paji la uso, kulikuwa na kishungi cheupe kama kile.

Kicheko kikakatika.

Fundi Kitwana akatokea nyuma ya pazia. Siku ile alikuwa amevaa joho jekundu la waziri wa mfalme. Akatabasamu kama kawaida yake.

"Mheshimiwa mkuu wa wilaya," akasema, "msiharibiwe sikukuu na mtoto wa porini. Nywele hizi zimetoka Bombay."

Bi Hadia akapanda jukwaani, akamsogelea mpaka karibu. "Mvueni joho huyu," akasema, "mvisheni kaptura ya kaki na bomba la dawa, muone kama si Bwana Afya wetu. Ile sauti siisahau. Ulinipita mstarini, baba. Nywele zangu hazikukufaa."

"Mama, unanifananisha."

"Nakufananisha na nani? Na wewe?"

Fundi akaona watu hawacheki tena, akageuza maneno. "Haya, tuseme nilizikata," akasema. "Nimeua mtu? Nywele ni nywele tu. Hazina jina, hazina mwenyewe. Zikishakatwa ni takataka."

Sikudhani alimjibu, na sauti yake ilifika mlangoni kuliko yangu ya malkia. "Ni kweli hazina jina," akasema. "Lakini nywele hazisahau kichwa. Ulizifukia kwa piko, zikatoka. Uliniacha na kipara, zikarudi palepale. Wewe ndiye umesahau kwamba chini yake palikuwa na mtu."

Nikashuka, nikampa wigi mikononi mwake.

Hapo mke wa mkuu wa wilaya aliinua mkono akagusa kichwa chake. Akalivua wigi lake taratibu, akaliweka juu ya kiti, akatoka nje na kichwa chake cha nywele fupi. Akafuata mwingine, na mwingine. Safu yote ya mbele ikabaki na viti vyenye nywele tupu. Wengine walitoka kwa aibu, wengine kwa hasira ya kuaibishwa, siwezi kuwasemea. Polisi yule yule wa saluti ndiye aliyemshika Fundi mkono.

Mkidhani hapo haki ilitendeka, mmekosea. Fundi alifungwa, ndiyo, lakini sikilizeni alifungwa kwa kosa gani. Alifungwa kwa kuvaa nguo za mtumishi wa serikali na kujifanya ametumwa. Hakimu alisema kaptura ile ya kaki ni heshima ya nchi. Kuhusu wanawake wa kijijini alisema, "Nywele huota," akafunga jalada. Heshima ya kaptura ikapata mlipaji! Kipara cha Sikudhani, machozi ya wale wengine, harusi iliyovunjika, hayo hayakuwa kosa la mtu. Mimi nilikuwa nimeketi mahakamani, na kama si Mwalimu Kidunda kunishika kanga, ningefungwa na mimi siku ile kwa matusi.

Wale shangazi za bwana harusi walirudi, wamebeba kuku na maneno matamu, wanataka uchumba uendelee. Sikudhani aliwasikiliza mpaka mwisho. "Siku ile mlikiona kichwa," akawaambia, "mimi hamkuniona." Akawarudishia kuku wao. Aliolewa baadaye sana, na mtu mwingine aliyemtaka mwenyewe.

Lakini linalonikera zaidi ni hili. Sisi wa kikundi tuliyatia mawigi yale yote kwenye tenga, tukayapandisha kijijini ili kila mwanamke achukue nywele zake. Wakaja, wakalizunguka lile tenga. Wakayashika moja moja, wakayanusa, wakayaweka shavuni. Fundi alikuwa ameyachanganya, ameyapaka dawa, ameshona nywele za huyu na za yule pamoja. Hakuna aliyeweza kusema hizi ni zangu. Sikudhani peke yake ndiye aliyekuwa na alama. Mama mmoja mtu mzima aliketi chini akaniuliza, "Mwanangu, basi mimi nitalia za nani?" Mwishowe walichimba shimo kando ya shamba wakazizika zote pamoja, kimya kimya, kama mnavyozika maiti asiyejulikana kwao.

Na Fundi je? Alipotoka jela alihamia mji mwingine, akavaa joho jingine. Nasikia huko nako walimpenda. "Huyu Fundi, jamani!"

Kwa hiyo, wajukuu zangu, anayevaa wigi asisemwe kwa methali hii, kalinunua kwa pesa yake na uzuri ni haki yake. Methali hii ina mwenyewe. Ni ya yule anayechukua jasho la mtu, au shamba lake, au wimbo wake, akalipaka piko na kulipa jina la mbali, kisha akasema halina mwenyewe. Ukimwona huyo, hata awe na joho, hata watu wote wawe wanamchekea, simama mbele yake umwambie, nawe usicheke: nywele hazisahau kichwa.