Mwewe wa Mabati

Jovitus wa Chonyonyo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, lakini moyo wake ulikuwa angani. Siku redio iliposema kwamba kuna nchi imehangaika miaka mingi kuunda injini ya ndege yake ya kivita na bado haijafaulu, alicheka mpaka akaweka kazi chini. Alisema wangenunua tu, wakaruka. Uwingabire, fundi mwenzake katika karakana ile, alimjibu kwamba anayekuuzia injini ndiye anayekupangia siku ya kuruka. Jovitus hakumsikia, sikio la kufa halisikii dawa.

Wakati huo yalikuwa yametangazwa maonyesho ya mafundi pale Kayanga. Fundi atakayewavutia waamuzi angepelekwa kusomea injini za ndege bila kulipa chochote, na nafasi ilikuwa moja tu. Jovitus aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Umri ulikuwa unamtupa mkono, na alijua bahati kama hiyo haibishi hodi mara mbili.

Wote wawili waliazimia kuunda injini ndogo ya jeti. Uwingabire alitaka kuyeyusha chuma na kuunda mwenyewe gurudumu linalozunguka ndani ya injini, kazi aliyokadiria kuwa ya miaka minne. Jovitus alimwuliza kama anataka kuonyesha injini au kuonyesha mvi. Basi wakagawana karakana, kila mtu na pembe yake.

Jovitus alikwenda Nyakatuntu kwa shemeji yake Byabato, mume wa dada yake Placidia. Fuso la Byabato lilikuwa limelala migombani, giaboksi imekufa. Jovitus aliomba tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, maana ndani yake mna gurudumu lilelile alilolihitaji. Wakinywa rubisi, pombe ya ndizi, Byabato alimwambia achukue, mpaka gari litakapopona. Jovitus alilisikia neno "chukua" peke yake.

Haukupita muda injini ikanguruma, kuku wakatawanyika na watu wakaja kushangaa hata kutoka Kiruruma. Aliiundia ndege ndogo ya mabati, ya kubebeka kwa baiskeli, akaipaka rangi ya jeshi, akaiita Mwewe. Tangu hapo akawa hakanyagi chini kwa majivuno. Gurudumu la kwanza la Uwingabire lilikuwa limejaa vitundu vya hewa, la pili likapasuka. Jovitus alimhurumia, ingawa huruma yake ilikuwa na kicheko ndani.

Asubuhi ya maonyesho, Byabato alifika uwanjani na spana mkononi. Giaboksi ilikuwa imepatikana na kufungwa, ilibaki tabo tu.

"Waitu, tafadhali shemeji, niachie mpaka jioni tu," Jovitus alimsihi.

"Fuso limeshapakiwa ndizi za watu, na zinaiva," Byabato alisema kwa upole. "Mwewe wako amebeba nini?"

Jovitus aliipokea ile spana. Kukataa kungemletea dada yake matata ndani ya nyumba, na isitoshe, mali ilikuwa ya mwenyewe. Akaifungua tabo kwa mikono yake, huku machozi yakimlengalenga.

Waamuzi walipofika, Mwewe alikuwa tumbo wazi. Jovitus alieleza jinsi injini ilivyonguruma jana yake. Mwamuzi mkuu, Mama Costansia, hakumbeza. Alimwuliza tu kama angeweza kuunda nyingine. Jovitus alijua kuifunga na kuifungua. Gurudumu la ndani lilivyoundwa hakujua.

Juu ya meza ya Uwingabire palikuwa na gurudumu lililopasuka, basi.

"Mbona limepasuka?" Mama Costansia aliuliza.

"Nililipoza haraka. Linalofuata nitalizika kwenye majivu lipoe polepole."

"Litazunguka lini?"

"Sijui. Labda mwaka wa nne, labda zaidi."

Watu waliangua kicheko, lakini waamuzi hawakucheka. Walilipokezana gurudumu lile, wakauchungulia ufa wake, wakaulizana mambo ya chuma na moto. Jioni lilitajwa jina moja, nalo lilikuwa la Uwingabire.

Jovitus alimpa mkono mwenzake, na wivu ulimchoma kwelikweli. Kisha akamfunga Mwewe juu ya baiskeli, akaanza kuisukuma kurudi Chonyonyo. Njiani kila aliyekutana naye alimwuliza injini iko wapi, naye akawa anajibu ukweli: imekwenda sokoni na ndizi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.