Pimbi, Kiboko na Ghala la Mfumo

Ngano inabisha hodi!
— Ikaribie, ikae.
Imekuja na Kiboko na Pimbi.
— Waingie wote.

Palikuwa na Kiboko, na palikuwa na Pimbi. Kiboko alimiliki kingo za bwawa huku na huku, zote zenye kivuli. Pimbi alikuwa na watoto wengi na jiwe lililochomwa na jua. Ukabaki ukingo mmoja tu wa kivuli usio na mwenyewe. Mzee Kobe, mtunza kompyuta ya kijiji, akasema, "Atakayeleta picha nzuri ya lango la bwawa Ijumaa, ukingo ni wake."

Kompyuta ile ilikuwa ya Linux, na programu yake ya kuchorea ilikuwa kuukuu. Pimbi akapata mpya. Haikuja tayari, ilikuja msimbo mtupu, ujenge mwenyewe.

Kiboko akaja, tapu, tapu. "Pimbi, hiyo tutaiweka wapi?"

"Kuna mahali pawili, bwana mkubwa. Kuna ghala la mfumo, kubwa ajabu, lafunguliwa kwa nywila kuu. Na kuna folda yangu ya nyumbani, finyu kama tundu."

"Nywila kuu ninayo mimi."

"Najua. Basi nakuomba, mimi uniwekee ghalani. Wewe uchukue folda."

Kiboko akacheka, hoo, hoo. "Mimi tunduni, wewe ghalani? Ghala ni langu. Kaa na tundu lako."

"Nakuomba, bwana mkubwa."

"Nimekataa."

Pimbi akainamisha kichwa, tabasamu lisionekane. Akajenga, kra-kra-kra, Kiboko akatia nywila, ya Kiboko ikaingia ghalani. Akajenga tena, kra-kra-kra, yake ikaingia nyumbani. Kiboko akachora. Pimbi akachora.

Ijumaa asubuhi Mzee Kobe akasasisha mfumo, kama afanyavyo kila Ijumaa. Pimbi alilijua hilo. Kiboko hakuwahi kuuliza. Shwaaa, ghala likafagiliwa, programu mpya ikafunikwa na ile kuukuu. Folda za nyumbani hazikuguswa.

Kiboko akafungua picha yake. Programu kuukuu, isiyojua picha za ile mpya, ikajibu, "Faili hili silifahamu." Akabonyeza tena, ta-ta-ta. "Silifahamu."

Pimbi akafungua yake. Lango likajaa kwenye skrini, na rangi zake, na maji yakimeta.

"Ukingo ni wa Pimbi," akasema Kobe.

"Amenidanganya," Kiboko akanung'unika.

"Nilikuomba ghala," Pimbi akamjibu, "ukaninyima."

Mchana ule watoto wa Pimbi walilala kivulini, miguu majini.

Funzo lake ni hili: enyi wadogo, acheni ujanja, haujamfaa mtu. Na ukijenga programu yako, mwite Kiboko akuchagulie pa kuiweka.

Nami nanyamaza. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia amuulize jirani yake.