Treni ya Saa Nane

Alikuwako karani wa ratiba, Nyamizi, mpole kwa nje, moto wa makumbi kwa ndani. Serikali ilipoagiza treni ya mwendokasi iwe na safari moja ya nauli nafuu kila siku, mkurugenzi wake, Bwana Ruhinda, alicheka.

"Iweke saa nane usiku. Nani atatoka kitandani?"

"Hewala, bosi. Ila wakiliona neno 'usiku' watatupigia kelele. Tuandike tarakimu tu: 8:00."

"Una akili wewe!" Ruhinda akatia sahihi, mhuri ukagongwa.

Siku ya uzinduzi, jua limeshachomoza, akakuta stesheni imefurika wauza vitenge, wanafunzi na bibi harusi mzima na shangazi zake, kila mmoja na tiketi ya nafuu mkononi.

"Nyamizi! Si nilisema saa nane?"

"Na nane ndiyo hiyo, bosi, na sahihi yako chini. Ila mitambo ya treni husoma saa za kizungu. Nane yao ndiyo saa mbili yetu ya asubuhi." Akaelekeza kidevu kwa waandishi wa habari. "Kama ulikusudia usiku, si uwaambie?"

Ruhinda akawageukia waandishi, meno yote nje.

"Sisi," akasema, "tunawajali wanyonge."