Mjukuu wa Nakiete Abebwe na Nani?

Nyoosheni masikio, na kila mmoja aandae hukumu yake, maana hadithi hii imekuja kuomba shauri. Haikuja kuchekesha.

Juu kwenye milima ya Upare, katika kijiji kilichoning'inia ubavuni mwa mlima, walikuwapo wanawake wanne waliokua pamoja tangu siku za kung'oka meno ya utoto. Walipofikisha miaka hamsini na minane, kila mmoja alikuwa na jina lake kijijini.

Elinsia alikuwa mwalimu wa kwaya. Sikio lake lilikuwa la ajabu. Waimbaji arobaini wakiimba kwa pamoja, yeye alimjua yule mmoja aliyeteleza, na hakuona haya kumnyooshea kidole mbele ya watu.

Zaituni alikuwa msimamizi wa maji. Ndiva, lile bwawa la udongo lililochimbwa na mababu juu ya kijiji, lilikuwa chini yake. Yeye ndiye aliyeamua lifunguliwe lini na mfereji upi upate zamu. Watu walisema akitazama maji ya mtoni anakwambia yamepita shamba la nani.

Tabea alikuwa nesi mstaafu wa zahanati. Mshipa uliowashinda madaktari, yeye aliupata kwa kugusa tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Mungu hakumjalia mtoto.

Wa nne ni Nakiete, mkulima wa tangawizi, na hadithi hii inamfuata yeye. Ukimuuliza kipaji chake, angekwambia hana, ila anao hao watatu. Hata hivyo, mwaka ule angesema wawili. Yeye na Elinsia hawakuwa wanaamkiana. Elinsia alimwondoa kwenye kuongoza wimbo, akamwambia kanisani, watu wanasikia, "Nakiete, sauti imechoka." Nakiete akavua joho la kwaya, akalikunja, akaliacha kwenye benchi. Mwaka wa pili huo ulikuwa unakatika, wakikutana njiani kila mmoja anatazama upande wake.

Basi masika yale mvua ilinyesha siku tisa bila kupumua. Siku ya kumi, saa mbili asubuhi, Nakiete aliingia kwenye banda lake kugeuza tangawizi isioze. Alikuwa ameinama juu ya gunia aliposikia mlio kama lori linashuka bila breki. Akashangaa, maana lori halifiki kule. Alipogeuka kutazama mlangoni, hapakuwa na mlango.

Alipozinduka, giza. Udongo ulikuwa mdomoni. Boriti ya paa ilikuwa imemlalia mguu wa kushoto chini ya goti, na juu ya kichwa chake bati lilikuwa limejikunja likamwachia nafasi ya kupumulia, ndogo kama chungu. Akaita. Sauti ikaishia palepale. Akaita tena mpaka koo likakauka, kisha akanyamaza asikilize.

Alisikia majembe, lakini yalikuwa mbali, juu, upande wa kushoto. "Wananichimba mahali nisipokuwepo," alijisemea, na hapo ndipo hofu ilipomshika hasa. Udongo ulikuwa umelisukuma banda zima hatua kama hamsini kwenda bondeni, na watu walikuwa wanachimba pale liliposimama kabla ya kusukumwa. Akapapasa, akapata kipande cha tofali. Akaanza kugonga bati. Tatu, anapumzika. Tatu, anapumzika.

Huko juu, wanaume wapatao arobaini walikuwa wanachimba kwa fujo, huyu anapiga kelele lete sururu, yule anapiga kelele sogea. Elinsia alifika akiwa amelowa mpaka mifupani. Akapanda juu ya kifusi, akainua mikono yote miwili kama aongozavyo kwaya.

"Nyamazeni!"

Mwenyekiti wa kitongoji alimjia juu. "Mama, mtu anakufa huku, wewe unataka kimya cha kanisani?"

"Yumo, lakini hayupo hapo mnapochimba. Nyamazeni nimsikie."

"Nyie si hata hamwamkiani?" mtu mmoja akasema.

Elinsia alibaki mikono juu. Mmoja akatua jembe, na mwingine akafuata, mpaka ikabaki mvua peke yake. Akavua viatu, akafumba macho, akaanza kuteremka kwenye ule utelezi, hatua moja anasimama, hatua moja anasimama. Dakika zikapita. Wanaume wakaanza kuguna. Alipofika kwenye migomba iliyolala, akapiga magoti, akalaza sikio kwenye tope.

"Tatu," alisema. "Anagonga tatu tatu. Chimbeni hapa."

Hawakumwamini, ila walichimba. Ilipotimu saa nne na nusu asubuhi jembe liligonga bati, na mwanga ukamwingia Nakiete machoni. Uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa Elinsia. Elinsia alimfuta tope puani kwa kidole gumba, akaanza kulia.

Wengine wangesema hadithi imeishia hapo. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Shimo lilianza kujaa maji. Yalikuwa kiunoni kwa Nakiete, yakapanda tumboni. Vijana wakapanga mstari wa ndoo, lakini kila ndoo moja iliyotoka, mbili ziliingia. Mguu ulikuwa umebanwa, hawezi kuinuka. Maji yakafika kifuani.

Zaituni alichota yale maji kwa kiganja, akayatazama. Maji ya mvua siku ile yalikuwa mekundu kwa udongo. Haya yalikuwa meusi, na ndani yake mlikuwa na majani yaliyooza.

"Haya ni ya ndiva," alisema. "Ukingo umepasuka. Mnaweza kuchota mpaka kesho."

Akapandisha mlima mbio, mwanamke wa miaka hamsini na minane, gauni kalifunga kiunoni. Ndiva ilikuwa na tundu la pili chini kabisa, lililozibwa kwa gogo, la kupeleka maji upande wa pili wa mlima. Gogo lile halikuwa limezibuliwa miaka mingi, na sababu kila mtu aliijua: upande huo hapakuwa na mfereji tena. Palikuwa na shamba la tangawizi la Zaituni mwenyewe, lililobakiza wiki mbili kuvunwa.

Alijitosa kwenye maji baridi yenye kina cha kumzidi kimo. Mara ya kwanza aliibuka mikono mitupu. Mara ya pili aliibuka damu zinamtoka kwenye kucha. Mara ya tatu watu waliokuwa ukingoni walihesabu mpaka wakaacha kuhesabu. Kisha maji yote ya ndiva yakazunguka kama yanayovutwa na mdomo, na upande wa pili wa mlima ukasikika mngurumo. Zaituni aliibuka akishikilia kipande cha gogo. Alitazama shamba lake likiteremka bondeni, tuta kwa tuta, akageuza uso.

Chini kule Nakiete alikuwa ameinua kidevu, midomo inatazama mbingu. Maji yalikuwa yamefika kwenye taya. Yakasimama. Yakakaa hapo muda ambao yeye aliuona mwaka mzima. Kisha yakaanza kushuka.

"Leteni jeki!" mwenyekiti akapaza sauti. "Tuinue boriti tumtoe!"

Jeki ikaletwa, ikawekwa. Ndipo Tabea akajirusha ndani ya shimo na mfuko wa dawa aliouchukua zahanati, akalala kifudifudi juu ya boriti.

"Haiinuliwi," alisema.

"Nesi, umerukwa na akili?"

"Mguu huu umebanwa kwa muda wa saa nne. Mkiufungua sasa hivi, sumu iliyokusanyika humo itakwenda moyoni, na atawafia mikononi kabla ya kufika barabarani. Atiwe maji ya dripu kwanza. Chupa mbili."

Kutoka juu kokoto zilianza kuanguka, chache, kisha nyingi. Ufa ulikuwa umeonekana mlimani. Afisa mmoja aliyekuja na kipaza sauti akaamuru watu wote waondoke eneo lile. Wengi waliondoka. Humo shimoni wakabaki Nakiete na Tabea, na ukingoni vijana wanne waliokataa kuiacha jeki.

Nakiete alisikia mlima ukinguruma mgongoni. Mguu haukuwa unauma tena, na hilo lilimtia moyo kwamba ni mzima. "Tabea, nitoe," alisema.

"Bado."

"Nitoe, nakuomba."

"Bado, mwenzangu."

Basi Nakiete akamtukana. Alimtukana matusi ambayo hakujua kama anayajua. Akamwambia, "Wewe hujazaa, hujui uchungu wa kuwaacha watoto!" Tabea alikuwa ameupata mshipa, ameshika chupa juu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anafunga kitambaa. Alisema tu, "Pumua taratibu," na jiwe kubwa kama kichwa cha mtu likapita kando yao.

Chupa ya kwanza ikaisha. Ya pili ikafika nusu, ikaisha. "Sasa," akasema.

Walimtoa wakambeba kwenye machela ya miti. Walikuwa hawajafika kwenye zahanati mlima uliposhuka tena, na shimo lile halijulikani lilipo mpaka leo.

Hospitali ya wilaya walimkata mguu chini ya goti, akaishi. Daktari aliuliza nani alimwekea dripu kabla ya kuinua boriti, akatikisa kichwa, akasema, "Bila huyo mngeniletea maiti."

Miezi mitano ikapita. Namsifu, binti pekee wa Nakiete, akajifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike. Sasa, katika ukoo ule upo utaratibu: mtoto wa kwanza akiwa wa kike hupewa jina la mwanamke aliye hai, jina moja tu, na bibi ndiye anayelitaja. Mwenye jina humbeba mtoto siku ya kumtoa nje mara ya kwanza, na tangu siku hiyo anakuwa mama wa pili. Akiugua mtoto, anaitwa yeye. Akiolewa, anatangulia yeye. Hawawi wawili.

Namsifu akamwambia mama yake, "Mama, mimi nataka jina la aliyekurudisha. Mtaje wewe."

Nakiete akawaita wote watatu. Walikaa sebuleni, chai mbele yao inapoa. Aliwaambia habari ya jina. Wanawake hawa walikuwa wamegawana kila kitu tangu utoto, mpaka pipi walizimega kwa meno, na hiki hakimegeki.

Elinsia alitangulia. "Mimi nisikufiche, ninalitaka. Nilisimama mbele ya wanaume arobaini wananidhihaki, na moyoni najua kwamba mtu niliyemwambia sauti imechoka anakufa hajanisamehe. Nisingekusikia, hawa wenzangu wangemwokoa nani? Maji yangekukuta hukohuko chini."

Zaituni alikuwa anazungusha kikombe. "Mimi nina neno, na mkishalisikia huenda mkanitoa humu ndani." Akavuta pumzi. "Jioni ile kabla ya maporomoko, ilikuwa zamu yangu kwenda kupunguza ndiva. Mawingu niliyaona. Nilikuwa na homa, nikasema nitakwenda asubuhi. Labda ningekwenda, ukingo usingepasuka. Labda mlima ungeshuka tu. Sijui. Nimelala na hilo miezi mitano."

Elinsia alimtazama, kisha akatazama mguu wa Nakiete usiokuwepo. Nakiete alihisi hasira ikimpanda, na papo hapo akaziona zile kucha za Zaituni, tatu hazikuwa zimeota tena.

"Shamba lako," alisema polepole, "ulijua linakwenda?"

"Nilijua."

Walipomgeukia Tabea akasema, "Mimi nilifanya kazi niliyosomea. Mpeni mmoja wa hawa." Akanyanyuka kana kwamba anakwenda kuchukua kitu jikoni. Lakini alipopita kwenye kitanda cha mtoto alisimama, na kidole chake kikagusa kiganja cha yule mtoto, na mtoto akakishika. Tabea akabaki hapo, amewapa mgongo, mabega yamepanda. Nakiete akayakumbuka maneno aliyomtupia shimoni. Hakuwa amewahi kuomba radhi.

Nje, ukoo ulikuwa umeshakusanyika uani, wanawake wameanza vigelegele. Namsifu akamvika mtoto kofia, akamfunga kitambaa, akampakatisha mama yake.

"Mama," alisema, "watu wanangoja. Nani?"

Nakiete akaegemea gongo lake, mtoto mkononi. Mmoja alimsikia wengine waliposikia kelele zao tu, na alikuwa amemuumiza. Mmoja alilizamisha shamba lake ili yeye asizame, na huenda ndiye aliyeyaacha maji yafurike. Mmoja alikataa kumwondoa, akala matusi, akabaki naye chini ya mlima unaoanguka, naye haombi kitu. Ukimtoa yeyote kati yao, Nakiete yuko kaburini.

Akainua uso akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Akafungua mdomo.

Nami nawaachia hapo ninyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo. Usiniambie wote watatu, maana mtoto hutoka mlangoni kwenye kifua kimoja. Ungekuwa wewe ndiwe Nakiete, mguu mmoja umesimama, mjukuu mkononi, ungelitaja jina la nani? Na wale wawili watakaobaki wamekaa, ungewatazama vipi?