Bi Buku na Ngozi Iliyoitwa Urembo

— Mpo?
— Tupo.
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
— Na matumbo je?
— Tumekuja nayo, na ngozi zake.

Haya, kaeni. Lakini nawaambia mapema, leo nina hasira, na huyu ninayemsimulia ana hasira kunizidi.

Zamani, kwenye bonde la wanyama, aliishi Bi Buku, panya mkubwa wa shimoni, mama wa watoto saba. Alikuwa mnene. Mnene kweli, wa kukwama mlangoni kwake. Magoti yakamuuma, pumzi ikamkatika, na Daktari Kaa akamwambia apungue. Bi Buku akaacha karanga, akaacha mihogo, akatembea. Akatembea masika, akatembea kiangazi, mpaka unene ukaisha. Lakini ngozi haikwenda na unene. Ilibaki tumboni, inaning'inia kama gunia tupu, na kila alipopita ilijiburura chini, kwaru, kwaru, kwaru.

Msicheke. Chini ya ile mikunjo palikuwa na jasho. Penye jasho pakaota upele, penye upele pakawa kidonda, na kidonda kikanuka. Bi Buku hakuweza kuchimba. Hakuweza kukimbia, na panya asiyeweza kukimbia ni chakula cha yeyote anayepita. Daktari Kaa akamkagua, akasema ngozi ikatwe kabla ya mvua, la sivyo kidonda kitatoboa mpaka ndani na wale saba watabaki bila mama. Magando ya kukatia alikuwa nayo. Uzi na dawa ya usingizi vilitoka kwenye bima, na bima ilitaka kibali.

Maana bondeni palikuwa na bima. Kila mavuno, kila mnyama alipeleka kikapu chake kwenye ghala, ili siku akiugua atibiwe. Bi Buku hakukosa hata mara moja. Mwaka wa nzige watoto walilala njaa, kikapu kikaenda. Na mwenyekiti wa bima alikuwa Kiboko.

Bi Buku akaenda. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaamkia, akaeleza. Kiboko akataka barua ya daktari. Akapiga muhuri, ga! Bado.

Bi Buku akaenda tena. Kwaru, kwaru, kwaru. Barua hii hapa. Kiboko hakuifungua. Akataka mchoro wa tumbo, wa mbele na wa ubavuni, basi Bi Buku akasimama ameinua ngozi yake mbele ya foleni nzima huku anachorwa, aibu inamuunguza. Muhuri, ga! Bado.

Bi Buku akaenda mara ya tatu. Kwaru, kwaru, kwaru. Kiboko akasema apake marhamu miezi sita kwanza, kisha alete vikopo vitupu. Bi Buku akamwambia imebaki miezi miwili tu mvua zianze. Kiboko akapiga miayo, mtama umejaa kinywani.

"Mama, wewe huumwi," akasema. "Unataka kupendeza tu. Ngozi iliyozidi ni urembo, na bima hailipi urembo."

Ga! Hapana.

Hapo hasira ikampanda Bi Buku mpaka masharubu yakatetemeka. Kupendeza! Yeye aliyekuwa ananuka mpaka watoto wake mwenyewe wanageuza pua! Na nani anamwambia hivyo? Dude lenye mikunjo minane shingoni na kumi tumboni, yote imenona kwa vikapu vya wenzake. Alitamani amng'ate mdomo. Akaimeza ile hasira, akainamisha kichwa.

"Nimekuelewa, Mwenyekiti. Naomba uniandikie tu. Na ungeandika ni kwa mnyama yeyote, ili wengine wasije kukusumbua kama mimi."

Kiboko akaona kumbe huyu mama ana akili. Akaandika kwenye gome: mikunjo ya ngozi ni urembo, kwa mnyama yeyote wa bonde hili. Akagonga muhuri, ga!

Sasa, lile ghala lilikuwa na desturi yake tangu enzi za mababu. Hakuna kutoka na urembo bila kukaguliwa. Bangili, shanga, kikuku, vyote vinavuliwa mlangoni, kwa kuwa zamani watunzaji walificha nafaka humo. Aliyekutwa na nafaka ndani ya urembo alifukuzwa bondeni. Mlinzi alikuwa Mzee Nungunungu, asiyejua mzaha. Bi Buku akampelekea gome. Nungunungu akasoma, akasoma tena, akauangalia muhuri.

Siku ya mavuno wanyama wote wakajipanga na vikapu vyao. Kiboko akaja, du, du, du, akaingia kukagua ghala. Ndivyo alivyokuita kula kwake. Alipotoka mlangoni, miiba ikamsimamia mbele, chakacha!

"Vua urembo, Mwenyekiti, niukague."

"Urembo gani? Sina hata ushanga."

"Mikunjo kumi na minane. Muhuri ni wako."

Kiboko akacheka, akasukuma apite. Mwiba ukamchoma tumboni, akaruka, na mikunjo ikafunguka. Pwaaa! Mtama ukamwagika chini, mbele ya vikapu vyote.

Foleni nzima ikaanza kumsogelea.

"Si urembo," Kiboko akababaika. "Huu ni mwili wangu. Nilijilaza tu, nafaka ikanasa."

Bi Buku akajivuta mbele. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mikunjo ni mwili?"

"Ni mwili."

"Na mwili ukioza?"

Kiboko akautazama mtama, akaitazama foleni.

"Unatibiwa."

"Na nani?"

"Na bima."

"Andika."

Akaandika. Ga!

Daktari Kaa akakata siku ileile, kacha, kacha, akashona. Bi Buku alipoamka akajipapasa tumbo, akalia kwa uchungu wa mwaka mzima. Kaa akamuuliza ile ngozi aitupe wapi.

"Mpelekee Mwenyekiti," Bi Buku akasema. "Mwambie aivae, ni urembo."

Mzigo wangu nimeutua hapa. Anayeutaka aubebe, asiyeutaka auruke apite.

Ah, na funzo. Nimeagizwa niliseme. Mgonjwa mwema hungoja kimya, huleta barua, huleta mchoro, huleta vikopo vitupu, wala hawasumbui wakubwa. Bi Buku hakungoja, hakunyamaza, akamwaibisha mwenyekiti mbele za watu, na kwa kukosa adabu huko yuko hai mpaka leo. Msimuige.