Kabla Hujamgeuza Samaki

"Kabla hujamgeuza samaki, mtazame mgeni usoni."

Mmeyasikia maneno hayo leo kwa mama yenu mdogo, alipomkemea Twalibu kwa kumshindilia mgeni sahani ya pili ya wali na mgeni mwenyewe amekwisha kunawa mikono. Mkacheka. Sasa mmenijia mimi mnauliza samaki gani na mgeni gani, maana leo palikuwa na kuku tu. Haya, kaeni. Twalibu, usinune, hukuwa wa kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, kabla Mreno hajaijua pwani hii, merikebu kubwa ya Wachina iligonga mwamba mbele ya kisiwa chetu hiki cha Pate. Msiniulize mwaka. Mimi sikuwapo, na aliyenihadithia hakuwapo. Merikebu ilipinduka ghafla, tumbo juu. Waliokuwa sitahani walinusurika, waliokuwa vyumbani chini hawakutoka. Nahodha wao, Gao, mtu mzima wa maneno machache, alimpoteza humo ndugu yake wa tumbo moja.

Watu wa mji waliwapokea. Wakawapa pa kulala, wakawapa na ufuo, nao wakaanza kuunda merikebu nyingine kwa mbao walizookoa na miti ya kwetu. Aliyewakirimu kuliko wote alikuwa Mzee Shee Mwinyi, fundi mkuu wa vyombo. Bwana huyu alikuwa karimu kwelikweli, ila ukarimu wake ulikuwa na kelele. Ukiingia kwake hutoki na njaa, na hutoki bila kujua nani amekushibisha.

Miongoni mwa Wachina hao alikuwamo seremala kijana, Ding Asheng. Alikuwa Mwislamu tangu kwao, kwani kwao ni bandari ya Zaituni, na huko misikiti ilikuwako zamani. Alifanya kazi na Mzee Shee bega kwa bega, akakijua Kiswahili hata akatania nacho. Kazi ikisha, watoto wa chuoni walimpelekea mbao zao za kuandikia, naye akawaandikia maandishi ya kwao kwa wino wao uleule: hii ni mlima, hii ni mtu. Neno zima, alama moja! Watoto walishangaa. Mwana Zena, binti yake Mzee Shee, naye alikuwa akitazama dirishani. Naam. Nawaona mnavyokonyezana, basi hapo hamna haja ya kuelezwa.

Zena alimtaka Asheng, na Asheng alimtaka Zena. Mama yake binti, Mwana Hidaya, aliridhia. Baba naye aliridhia, tena akaona fahari. Lililobaki ni Nahodha Gao, aliyemlea Asheng tangu utoto, akubali kumwacha huku wenzake wakirudi kwao. Gao alikuwa amekwisha kuahidi kwamba atakubali. Ilikuwa ni kukaa tu wazee wale pamoja, posa ipokewe, na merikebu ishushwe kesho yake alfajiri kwa maji ya bamvua, yanapojaa kuliko siku zote.

Wazee wakakaa nyumbani kwa Mzee Shee, Gao na baadhi ya wenzake pamoja na wazee wa mji. Mwenye kuposa hakai katika kikao cha posa yake, ndiyo ada yetu mpaka leo. Kwa hiyo Asheng alikuwa ufuoni akimalizia kazi ya kalafati, kuziba nyufa za chombo, na yeye ndiye mtu pekee aliyezijua ada za pande zote mbili. Zena na mama yake walikuwa nyuma ya pazia.

Sinia likaletwa, samaki mzima wa kupaka, changu mkubwa, tui limemkolea vizuri. Wakala upande wa juu kwa raha zao. Ulipokwisha, Mzee Shee akataka kufanya anachofanya mwenyeji wa mji huu akimheshimu mgeni. Upande wa chini ndio uliokunywa tui, ndio mtamu, na huo ni haki ya mgeni. Akanyoosha mkono. Wachina wote wakaacha kutafuna. Mmoja akainua kiganja kama mtu anayezuia mlango. Gao akabadilika rangi. Mzee Shee hakuona hata kimoja, maana macho yake yote yalikuwa kwa samaki.

"Nahodha, utamu wenyewe uko huku!" akasema, akampindua samaki, pu!

Gao akasimama. Hakunawa, hakushukuru, hakusema neno. Akatoka, na wenzake wakamfuata.

Jamani, mtu akuachie chakula chako mbele ya wazee wa mji! Mzee Shee akawageukia wazee wale kwa hasira.

"Leo nimetiwa aibu nyumbani mwangu," akasema. "Posa hakuna. Kama chakula changu kinawatia kinyaa, binti yangu watamfanyaje?"

Mwana Hidaya hakubishana naye. Alijitanda nguo, akamchukua dada yake, wakaenda ufuoni. Wakawakuta mabaharia wanazozana, na Asheng amekaa juu ya gogo, kashika kichwa.

"Mwanangu, tumekosa nini?" akamwuliza.

"Mama, kwetu sisi watu wa bahari, samaki akiwa sahanini ni chombo," Asheng akasema. "Hapinduliwi. Ukimaliza juu, unaondoa mwiba wa mgongo, unaendelea na chini. Hata neno lenyewe la kupinduka, kwa lugha yetu, hatulitaji safari ikikaribia, ndiyo maana nahodha hakuweza kueleza. Na ndugu yake alivyokufa mnajua."

"Shee hakujua, mwanangu."

"Najua hakujua. Lakini mabaharia wanaogopa. Wanasema hawapandi chombo hiki ila na seremala aliyekiunda. Nahodha hawezi kuniacha tena, atawapeleka na nani?"

"Na dawa yake haiko?"

"Iko, tena ndogo. Aliyemgeuza aje mwenyewe na samaki mwingine, tule naye hapa, samaki asigeuzwe upande. Roho zao zitatulia. Ila aje kabla ya maji kujaa alfajiri."

Mwana Hidaya alirudi mbio. Mzee Shee alimsikiliza mpaka mwisho, na msidhani hakuelewa. Alielewa, uso ukamshuka. Lakini wazee wa mji walikuwa bado barazani, wanasikia.

"Mimi, Shee Mwinyi, nikaombe radhi kwa kumlisha mtu?"

"Hukutakiwa radhi, bwana. Umetakiwa samaki."

"Basi nitakwenda kesho jua likitoka, kama mtu mwenye heshima zake. Siwakimbilii watu mimi."

"Maji hayangoji heshima ya mtu."

"Nimesema kesho!"

Kiburi si maungwana, wanangu. Zena aliyasikia yote hayo, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi Mzee Shee alivaa kanzu safi, akapiga kilemba, akambeba samaki mwenyewe, hakumpa mtu. Alipofika ufuoni alikuta magogo ya kushushia chombo na maranda ya mbao. Merikebu ilikwisha kupita mwamba. Zena alikuwa amesimama majini, maji yanamfika magotini.

"Mwanangu," akamwambia, "sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kumpa upande ulio mtamu."

"Najua, baba," Zena akajibu bila kugeuka. "Lakini nyuso zote zilikwambia uache. Mimi niliziona nikiwa nyuma ya pazia, nawe ulikuwa umekaa mbele yao."

Mzee Shee akakaa mchangani na sahani yake. Mtu wa kumlisha hakuwapo.

Asheng hakurudi. Kama alifika kwao au hakufika, hapa kwetu haikujulikana. Miaka ikapita, Zena akaposwa tena na watu wa mji wa jirani, watu wema. Siku ya posa sinia likaletwa, wakala upande wa juu, kisha wote wakamngojea mwenyeji. Mkono wa Mzee Shee ukasimama juu ya samaki. Akamtazama mkwe wake. Akamtazama na aliyekuwa kando yake, na wa pili, na wa tatu, mmoja mmoja.

"Mabwana," akasema, "kwenu ninyi huliwaje?"

Wakwe wakacheka. Wanakula kama sisi, hata kisima chao na chetu ni maji mamoja.

"Mzee Shee," mmoja akasema, "uzee huo! Siku hizi unaogopa samaki?"

"Samaki simwogopi," Mzee Shee akasema, na machozi yakamtoka mbele ya wakwe, asiyafute. "Nilikuwa na mkwe mwingine kabla yenu. Kabla hujamgeuza samaki, mtazame mgeni usoni."